Zamu ya Marehemu

Tlawi,
2 Machi 2003

Kwa mjukuu wangu Letisia,

Salamu nakupa ingawa hukustahili. Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu alikuwa anaharisha, sasa amepona. Wewe mzima? Unakula? Huko mnakula chipsi mnaita chakula.

Sasa nisikilize. Ulitoka hapa asubuhi kama mwizi wa kuku, nyumba ikiwa bado imefungwa. Nani alikufundisha? Udongo wa kaburi la babu yako haujakauka, majirani bado wanatuachia maji na unga pale kwenye uzio bila kuingia, hakuna wa nyumba hii anayekanyaga chemchemi ya watu, halafu wewe unapanda basi. Najua Padre alihubiri kwamba mambo ya metimani, ya kufungia nyumba yenye msiba, yamepitwa na wakati. Padre ni mtoto mzuri, lakini hajawahi kufiwa na mume.

Jambo lenyewe ni hili. Juu ya kigoda cha babu yako palikuwa na lile fumbo lake la mti, vile vijiti vya mzeituni pori vilivyoumana kama meno ya fisi, alivyochonga zamani akiwa seremala wa misheni. Nimefagia, kigoda kitupu. Mjomba wako Hermani anasema hajaliona, na Hermani hajui kudanganya, hana akili hiyo.

Kama ni wewe, sema. Usiniandikie maelezo marefu. Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima, sikusoma chuo kikuu.

Ni mimi bibi yako,
Paskalina


Katesh,
16 Machi 2003

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na ndama ameshika nguvu. Mimi sijambo, ila macho yanauma kwa ajili ya kompyuta. Tangu tukatwe kutoka Arusha kila ofisi inataka barua zake zichapwe upya ziandikwe Mkoa wa Manyara, na mama mwenye duka la kuchapa ninakofanya kazi alinipa ruhusa ya kuzika tu. Ningekaa mpaka nyumba ifunguliwe ningekuta mwingine kwenye kiti changu.

Ni mimi nililichukua, bibi. Nisamehe. Nilitaka kitu ambacho mikono yake ilikishika.

Hapa jioni baba mwenye nyumba anawasha jenereta, watu wa mtaa wanajaa uani kuangalia video, mapanga na risasi mpaka kichwa kinavimba. Mimi nabaki chumbani na fumbo. Nikilishika, kelele za kichwani zinashuka kama vumbi likinyeshewa. Nasikia mpaka pumzi yangu.

Unakumbuka tulivyocheza na babu. Mmoja anasogeza kijiti kimoja, mara moja tu, analiweka chini, kisha anaenda kwenye shughuli zake mpaka mwenzake apate nafasi. Hakuna kugusa kabla ya zamu yako. Basi nilisogeza kijiti, nikaliweka dirishani, nikaenda kazini. Niliporudi, kijiti kingine kilikuwa kimetoka kidogo, upande wa kushoto.

Nilidhani ni Efrazia, huyu ninayekaa naye chumba. Akaapa kwa mama yake kwamba hajaligusa. Kisha Efrazia akaenda kwao Masakta kuvuna maharage. Nikasogeza, nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Niliporudi kutoka dukani, nilikuta amejibu.

Usicheke, bibi. Siogopi. Najisikia kama zamani, nikirudi shule nakimbilia kigoda kuona mzee amefanya ujanja gani.

Mjukuu wako,
Letisia


Tlawi,
30 Machi 2003

Letisia,

Marahaba. Mimi mzima. Sijacheka. Uliposema upande wa kushoto nilikaa chini. Babu yako alikuwa wa mkono wa kushoto. Walimchapa shuleni wakachoka wao.

Nyumba imefunguliwa. Tumenyolewa, majivu yametupwa, watu wameingia wamekunywa. Mzee Bura ndiye aliyekaa mbele. Wewe hujawahi kukaa ukaona, maana siku zote una haraka, kwa hiyo nakuambia. Kila kitu ambacho mikono ya marehemu ilikifanyia kazi kinapita kwa wazee, na Bura anakinyanyua anasema kwa sauti, "Mwenye hiki amekufa." Patasi: "Mwenye hii amekufa." Randa, tupa, mpaka ile kofia yake iliyonuka tumbaku. Ndipo kinagawiwa. Marehemu anasikia, anaachia.

Alipofika kwenye kigoda akaniuliza, "Kilichokuwa kinakaa hapa kiko wapi?" Nikamwambia kiko Katesh. Mzee yule akakigonga kigoda kwa fimbo. Halafu akasema, "Basi huko hajaambiwa."

Umeelewa? Hapa babu yako ni marehemu. Kwenye huo mti bado ni mtu mzima, ametoka kidogo, anarudi kucheza. Lilete Pasaka. Katikati usisogeze kitu. Na Efrazia asiliguse.

Bibi yako,
Paskalina


Katesh,
21 Aprili 2003

Bibi,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Mimi sijambo. Najua mlinisubiri na mlichinja. Sikupata nafasi.

Hapana, nitasema kweli. Nafasi nilikuwa nayo. Nilifika stendi na fumbo kwenye mfuko, nikarudi.

Nimeendelea kucheza. Kuna mambo madogo yanatokea, labda ni uchovu. Juzi Efrazia alipika ugali wa mtu mmoja, akakaa akala taratibu, na mimi nimekaa mbele yake. Nilipomshika bega alipiga yowe. Dukani mama mwenye duka aliingia akawauliza wateja, "Huyu Letisia leo hakuja?" Mimi niko kwenye mashine nachapa, karatasi inatoka. Kanisani, kwenye kutakiana amani, mikono ilipita huku na huku mbele yangu, wakashikana walio kulia kwangu na walio kushoto. Na kuku wa hapa nyumbani, bibi, hawanipishi tena njiani.

Lakini nikilirudisha mtamwambia. Mkimwambia ataondoka. Nyinyi wote mmeshampoteza, ni mimi tu ninaye. Vimebaki vijiti vichache lifunguke. Niache nimalize naye mchezo huu mmoja.

Mjukuu wako,
Letisia


Tlawi,
27 Aprili 2003

Letisia,

Marahaba na ujinga wako.

Unadhani yeye ndiye anayekuja kwako? Aliyekufa haji. Wewe ndiye unayemfuata. Kila ukisogeza kijiti unasogea na wewe, na kuku wameliona hilo kabla yako. Siku kijiti cha mwisho kitakapotoka utakuwa upande gani? Nani atakuita, na kwa jina lipi?

Halafu nikuambie lingine, lishike vizuri. Huyo ni mume wangu, si wako. Maisha yote amekaa na mti ule mbele yangu, na hakuniambia hata siku moja, mama Hermani, shika na wewe ujaribu. Alisema mikono yangu ni ya jembe. Akakufundisha wewe ulipokuwa hujui hata kupenga kamasi. Sasa amekufa, na bado anaenda Katesh! Hapa kwenye kitanda chake, kwenye moto wake, hakuna hata kikohozi.

Lifunge kwenye kitambaa umpe dereva wa basi. Leo, usingoje kesho.

Paskalina, bibi yako


Tlawi,
25 Mei 2003

Letisia,

Hukujibu. Nilimtuma dereva apite akujulie hali. Amerudi anasema pale wamemwambia chumba kile kina mpangaji mmoja tu, anaitwa Efrazia, na hawajui mwingine.

Nakuja. Usipike.

Bibi


Katesh,
15 Juni 2003

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini ulifika salama na ile baridi ya Dareda haikukuingia kifuani. Mimi ni mzima. Naliandika neno hili nikilijua.

Bado naona ulivyosimama mlangoni na vumbi la safari, Efrazia anakuambia, "Bibi, umekosea nyumba, huyo mtu hayupo," na wewe unampita kama mlingoti, unakuja moja kwa moja kitandani nilipokaa, unanizaba kofi. Bibi, kofi lile ndicho kitu cha kwanza kilichonigusa tangu Pasaka. Efrazia alianguka chini. Anasema aliona shavu kwanza, halafu akaniona mimi.

Tangu ulichukue fumbo mambo yamerudi. Mama mwenye duka amenigombeza mbele za watu mpaka nikatamani kumkumbatia. Wateja wananisukuma. Kuku wananikimbia.

Ila jioni ni ndefu. Nimejaribu kukaa uani kwenye video, sielewi wanagombania nini. Mikono haijui pa kukaa.

Mzee Bura ameshamwambia? Niambie alivyopokea. Usinifiche.

Mjukuu wako,
Letisia


Tlawi,
29 Juni 2003

Letisia,

Marahaba. Kifua kizima, magoti ni yale yale. Baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno.

Bura hajamwambia. Mwanawe wa Getanuwas ana shauri la ng'ombe na wale wafugaji wa huko, mzee ameenda kukaa nao, atarudi mavuno yakiisha. Wazee wengine hawana sauti ya kazi hiyo. Kwa hiyo fumbo liko juu ya kigoda linangoja.

Nilikuwa nalifuta vumbi. Kijiti kimoja kikasogea. Sawa, nilikisogeza. Nikaenda kukamua. Niliporudi alikuwa amejibu.

Letisia, amenijibu mimi. Hakuniambia mikono ya jembe. Alivuta kijiti chake kile cha kushoto, kidogo, kwa ule ubahili wake, akaniachia nafasi nyembamba kama ukucha. Nikamwambia, mzee wewe ni mwizi, hata huko hujaacha? Siku iliyofuata nikaipata njia. Yeye naye akaipata yake.

Nimelima tangu sijaota matiti. Sikujua kichwa kinaweza kunyamaza. Nilikaa na mti ule mkononi jua likasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi, sikufikiria mahindi, wala ndama, wala nani amepitisha mifugo shambani kwangu. Sasa najua mlikuwa mnafuata nini pale, nyinyi wawili, mmekaa kimya kama watu wa ibada.

Usinihubirie. Yale niliyokuandikia yalikuwa ya mtoto mwenye maisha mbele. Mimi ni bibi kizee, nani ananitazama?

Bibi yako,
Paskalina


Katesh,
20 Julai 2003

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Wewe, bibi, u mzima? Nakuuliza kweli, nijibu.

Mjomba Hermani alikuja huku mnadani na fahali wawili. Nikamkimbilia, nikamsalimu, nikamuuliza, "Mjomba, bibi anaendeleaje?" Akanitazama kama nimemuuliza habari za mtu wa zamani. Akasema, "Kule juu kwa mzee? Pale hakuna mtu. Moto hauwaki tangu msiba. Huwa napita kukamua, nafunga mlango naondoka."

Nikamwambia, "Mjomba, mama yako!" Akashika paji la uso. Akakaa hivyo, macho yanatafuta kitu chini, kisha mtu akaja kuuliza bei ya fahali akageuka. Nilipomwita tena alikuwa amesahau tulichokuwa tunazungumza.

Bibi, acha. Ulinikataza mimi nikakukasirikia, na ulikuwa na haki. Mimi ulinifuata kwa sababu ulikuwa bado unaonekana. Nani atakufuata wewe? Nikija mimi, nina hofu nitaingia humo ndani nisione mtu. Nina hofu nitasimama mlangoni nisahau nimemfuata nani.

Naogopa kuifunga barua hii. Naandika jina lako juu ya bahasha na kalamu inasita.

Mjukuu wako anayekupenda,
Letisia


Tlawi,
10 Agosti 2003

Kwa mjukuu wangu Letisia,

Marahaba. Siku nyingine usilie juu ya karatasi, wino umeyeyuka, nusu ya barua sijaisoma. Niliyoisoma imetosha. Mimi ni mzima. Usiruke mbele, soma taratibu.

Hermani nilimwona kabla hujaniandikia. Alikuja zizini, nikamwita, akapita. Nikamfuata mpaka mlangoni nikamtukana tusi ambalo sijalitoa mdomoni tangu alipovunja mtungi wa mama yangu. Alitazama paa kama mtu anayekagua nyasi, akauvuta mlango, mimi nikiwa ndani. Mwanangu niliyemzaa kwa taabu, miguu mbele. Nikarudi kwenye kigoda. Na unajua nilifanya nini? Nilisogeza kijiti. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika.

Halafu barua yako ikaja. Ilikuwa imetupwa kwenye uzio, pale pale majirani walipokuwa wanatuachia unga.

Sikumngoja Bura. Sauti yangu nayo ni sauti. Nilikaa mbele ya kigoda, jua likiwa juu kabisa, nikalishika fumbo kwa mikono miwili. Sijawahi kumwita mume wangu kwa jina tangu anipose, haifai. Siku hiyo nilimwita. Nikasema, Alfredi, mwenye hiki amekufa. Umekufa wewe. Hermani ndiye aliyechimba, mvua ikanyesha shimo likajaa wakachota kwa ndoo. Nilikuosha mimi mwenyewe, kovu la patasi lilikuwa pale pale kwenye kidole gumba. Umekufa, mzee, achia.

Nikaliweka chini. Nikachukua mundu nikaenda kukata majani ya ndama. Nililia huko huko majanini, usimwambie mtu.

Niliporudi alikuwa amesogeza.

Nilisimama pale na majani kichwani. Letisia, alikuwa anajua. Tangu mwanzo anajua. Bura na maneno yake yote, mzee wa watu, hakuna cha kumwambia yule. Anajua kwamba amekufa, anajua sisi ni wazima, na anacheza.

Kimebaki kijiti kimoja. Hiki kikitoka vingine vyote vinaanguka, hata mimi wa jembe naliona hilo. Na zamu ni yangu.

Nilinyoosha mkono, sikufichi. Mti ulikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Kidole kilifika. Lakini nilikuwa na hasira, hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikafikiri, huyu mtu alikuwa mlevi wa sikukuu, alikuwa bahili, alikuwa na maneno, lakini kwenye mchezo huu hajawahi kugusa nje ya zamu yake. Anangoja. Mimi nisipocheza, atafanya nini?

Nikaurudisha mkono ndani ya shuka.

Sikugusa siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo ninapoandika. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Halafu mbwa akanibwekea kama mgeni, nikafurahi. Halafu Hermani akaingia, akakaa, akala, akasema, "Mama, chumvi imezidi." Nikampiga mwiko wa kichwa. Akauliza kwa nini nalia. Nikamwambia moshi.

Bura amerudi kutoka Getanuwas. Anataka kuja na wazee waseme maneno yao juu ya fumbo, kisha lichomwe. Nimemwambia akae kwake anywe uji. Padre naye amesikia, anataka kulinyunyizia maji ya baraka. Huyo nimemkaribisha chai tu. Hawaelewi. Mkilichoma, zamu itakuwa ya nani? Sasa hivi ni yangu na ninaishika. Aliyekaa pale ni mtu wangu, na ananingoja kwa adabu, kitu ambacho alipokuwa hai hakukiweza hata siku moja ugali ukichelewa.

Wakati mwingine nikipita na kuni nakiona kile kijiti kinatetemeka kidogo, kama mtu anayejizuia kukohoa kanisani. Simtazami. Nikitazama sana mkono unawasha.

Wewe uishi. Kaa na watu, watu wakukanyage, wakugombeze. Jioni kama mikono haina kazi, suka ukili, fuma, chonga hata mwiko, lakini uwe peke yako katika kazi hiyo, mti wa mtu mwingine usiuguse. Krismasi njoo ule. Utakaa upande wa moto, kigoda kiwe nyuma yako.

Najua unachotaka kuniuliza. Ndiyo, siku moja nitacheza. Siku magoti yakikataa kabisa, na wewe umeshapata mtu wa kukuita mama, nitakaa pale mwenyewe, nitavuta. Sitaburutwa. Atanikuta nimekuja kwa vidole vyangu mwenyewe.

Barua hii nampa dereva mkononi. Ameniamkia vizuri, shikamoo bibi, amenitazama usoni.

Asubuhi nikiamka namkuta tayari yuko pale, sijui najuaje lakini najua. Leo nimemwambia kama ninavyomwambia kila siku. Bado. Nina mahindi ya kupukuchua.

Ni mimi bibi yako, mzima,
Paskalina